Sita au Tisa: Sauti Itokayo Katika King'amuzi



Barua tunayoijibu juma hili imeandikwa na mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, aliyekwenda Tetu katika kaunti ya Nyeri kumlea mkazamwanawe aliyejifungua. Ametuomba tusimtaje jina, nasi tumeridhia. Mwanawe ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko, na nyumba yao iko juu ya mgongo wa kilima, nyuma yake milima ya Nyandarua, na mbele yake, asubuhi isiyo na ukungu, Mlima Kenya waonekana mpaka vileleni. Mama asema baridi ya huko ameizoea. Kilichomshinda ni mtambo wa mwanawe.

Kila usiku baada ya Isha kijana hukaa mbele ya kompyuta, akachomeka kidude kidogo mfano wa kidole gumba, akaunganisha waya unaopanda hadi kwenye antena iliyo juu ya paa, na kuanza kusaka masafa ya redio. Mara kimya, mara sauti za watu: madereva, walinzi, waongoza watalii. Sauti hizo, asema mama, hazifanani na za redio ya zamani. Hazina ule mchwarizo wa upepo uliokuwa ukisikika kituo kilipokuwa mbali. Ni safi, lakini ni kama za mtu anayezungumza akiwa ndani ya mtungi. Au, kwa maneno yake mwenyewe, kama jini aliyebanwa pua.

Lau mambo yangeishia hapo, tungeijibu barua hii kwa mistari michache. Lakini jioni moja kijana alisikia waongozaji wakizungumza habari za kundi lililokuwa mlimani katika mvua kubwa. Jirani yake ana mtoto aliyekuwa mpagazi katika kundi hilo hilo, na kundi lilikuwa la watu tisa. Mwalimu akasikia, kwa masikio yake, "tisa wameshuka." Akatoka mbio na tochi akaenda kumpa jirani bishara. Mama yule akamshukuru Mungu, akazima moto jikoni, akalala. Kumbe walioshuka walikuwa sita. Watatu, naye mwanawe miongoni mwao, walilala mlimani, na kesho yake saa nne za asubuhi ndipo walipoletwa chini, wazima alhamdulillahi, ila mmoja vidole vimekufa ganzi. Mama wa mpagazi hakugombana na mtu. Alimwambia mwalimu neno moja tu, "Ulisema wameshuka," na tangu siku hiyo hupita njia ya chini asikutane naye.

Msomaji wetu auliza mambo manne: sauti ile ni ya nani hasa, je, yaweza kutengenezwa ikawa nzuri, je, mwanawe yuko sawa kusikiliza, na la nne, ambalo ameliweka mwisho kana kwamba ni dogo, ni habari ya mjukuu wake anayesomeshwa Qur'ani kwa simu na maalim aliye Mombasa, naye sasa ameanza kutamka thaa kama siin.

Tutaanza na sauti, kwani yote mengine yanasimama juu yake.

Redio ya zamani, ile ya analojia, ilikuwa ikiichukua sauti ya mtu kama maji yanavyochukua sura ya chombo. Mawimbi ya hewani yaliyumba kama sauti ilivyoyumba, na kipokezi kilirudisha myumbo ule ule. Mtu akiwa mbali, kelele iliingia na sauti ikazama ndani yake kidogo kidogo, mpaka isisikike. Redio za mkononi za kidijitali hazifanyi hivyo. Njia ya hewani waliyopewa ni nyembamba, na katika mfumo unaoitwa DMR, ambao sasa umeenea mno miongoni mwa walinzi, mahoteli na makampuni, njia hiyo moja ya kilohezi 12.5 hugawanywa tena kwa zamu ili ichukue mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Sauti ya mtu haipiti humo ikiwa nzima. Hupita maelezo yake tu.

Ndani ya redio ya msemaji mna chombo kinachoitwa vokoda. Kinachotumika sana katika DMR ni AMBE+2, cha kampuni ya Marekani iitwayo Digital Voice Systems. Chombo hiki huikata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa kila sekunde moja, na kwa kila kipande hujiuliza maswali machache. Je, koo linavuma au ni pumzi tupu? Kama linavuma, linavuma kwa kima gani, juu au chini? Na nguvu ya sauti imejikusanya wapi, katika mavumo mazito au membamba? Majibu yake huandikwa kwa biti 49 tu. Huongezwa biti nyingine 23 za kusahihisha makosa ya njiani, kikawa kipande kizima ni biti 72. Ukipiga hesabu utaona kwamba maelezo ya sauti yenyewe ni biti 2,450 kwa sekunde. Simu ya waya ya kidijitali ilipewa biti 64,000 kwa sekunde kwa kazi ile ile, na simu za mkononi za GSM zilipoanza zilipewa 13,000. Hapa basi tunazungumzia sehemu ndogo kuliko moja ya ishirini ya ile ya simu ya waya.

Upande wa pili, king'amuzi hupokea yale maelezo na kuanza kuumba sauti upya. Tumelichagua neno kuumba kwa makusudi. Mashine haina sauti ya mwongozaji wa mlimani; ina karatasi, tuseme, iliyoandikwa "vuma kidogo, kima hiki, uzito hapa, sasa pumzi," nayo hutii. Ndiyo maana msomaji wetu akahisi mtungi na jini. Alichokuwa akikisikia hakikutoka kinywani mwa mwanadamu. Ni mwigo wa kinywa.

Fikra yenyewe si ngeni. Homer Dudley, mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, aliianza mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika vita vikuu vya pili Wamarekani waliitumia katika mtambo wa siri ulioitwa SIGSALY, ulioanza kazi mwaka 1943 na kuwa na uzito wa tani zipatazo 50, ili wakubwa wa Washington na London wazungumze pasi na adui kuelewa. Kilichohitaji chumba kizima wakati ule leo kimo katika redio inayoning'inia kiunoni mwa mlinzi wa lango.

Wale wasomaji wetu waliopita madrasa watatuelewa upesi tukisema hivi: wapokezi wa habari ni wa aina mbili, yuko anayenukuu kwa lafudhi na yuko anayenukuu kwa maana. King'amuzi ni wa aina ya pili. Wala hatumlaumu mpokezi wa aina hiyo, maadamu anajulikana ni nani, na maadamu anapopitikiwa husema, "hapa sikumbuki." Lililo zito katika jambo hili ni kwamba king'amuzi hakisemi.

Kipande kimoja cha milisekunde 20 kikiharibika njiani hata biti za kusahihisha zikashindwa, mtambo hauachi pengo. Aghalabu hurudia kipande kilichotangulia, ukitumaini kwamba sauti haikubadilika sana katika muda huo mfupi, na vikiharibika vingi mfululizo ndipo unyamaze. Kwa irabu hakuna hasara kubwa, kwani irabu huchukua muda mrefu kuliko hapo. Lakini zipo konsonanti ambazo mpasuko wao wote ni kama milisekunde 20 au pungufu, nazo ni hizi: p, t, k. Mtu akasema "amepona," p ikaangukia katika kipande kilichoharibika, msikilizaji akapata kitu kama "ameona." Sauti safi, haina mchwarizo hata kidogo, na neno si lile.

Redio ya zamani ilikuwa na kelele, lakini kelele yake ilikuwa kukiri. Ilikwambia: hapa sikusikia vizuri, usinitegemee. Wasomaji wetu wanakumbuka mwaka 2015, matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa nchini na kila nyumba ikalazimika kununua king'amuzi. Zamani picha ya mbali ilikuwa na theluji, ukaangalia hivyo hivyo. Baada ya hapo picha ikawa ama safi kabisa au imeganda miraba miraba. Sauti ya redio ya kidijitali ni hivyo hivyo: hubaki nzuri, hubaki nzuri, kisha huporomoka ghafla kama mtu aliyefika ukingo wa genge. Na hatari haiko chini ya genge, ambako hakuna asikiaye kitu. Hatari iko pale ukingoni, katika ule upana mdogo ambamo maneno bado yanatoka, yametakata, na nusu yake ni ya kubahatisha.

Tetu ni nchi ya ukingo huo. Migongo ya vilima imejipanga kama vidole, mto katika kila bonde, na mawimbi ya redio za mkononi husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa taa. Mtu aliye juu ya Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199, anaweza kusikika Tetu kwa redio ndogo, ijapokuwa baina yao mna zaidi ya kilomita 50. Akishuka hatua chache nyuma ya mwamba, nusu ya vipande imepotea. Katika mvua, usiku, mtu anatembea huku akizungumza na upepo wavuma kwenye maikrofoni, mwalimu wetu alikuwa amekaa ukingoni kabisa, naye hakujua.

Sasa tuyatazame maneno mawili yale. Sita na tisa ni maneno ya sauti zile zile nne, s, i, t, a, zilizobadilishana mahali. Irabu, ambazo ndizo mashine hii inaziweza, ni moja kwa maneno yote mawili na kwa mpangilio ule ule. Kinachoyatenganisha ni s na t peke yake: s ni mchwarizo ambao nguvu yake kubwa iko juu ya mpaka wa hezi 3,400, kule ambako njia hizi nyembamba hazifiki, na t ni mpasuko mfupi kama tulivyoeleza. Zote mbili hazina mvumo wa koo. Katika maelezo ya biti 49 zote mbili huandikwa, kwa ufupi, "pumzi." Ungetafuta maneno mawili ya Kiswahili ya kumtega king'amuzi, hungepata mazuri kuliko haya. Hata kwa simu ya kawaida, ni mama yupi hajauliza mara mbili, "Basi laondoka saa sita au saa tisa?"

Na hapa tutazame pembeni kidogo. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno jingine la tisa, nalo ni kenda, ambalo vijana wa leo wamelisahau wakalidhani la vitabuni. Majirani zetu Wakikuyu wa Nyeri hulisema mpaka leo, kenda vile vile. Lau mwongozaji angehesabu kwa kenda, au kwa Kikuyu tangu mwanzo, tisa isingeingia njiani hata kidogo. Wala Kikuyu hakina kinga ya kila kitu, kwani tatu kwao ni ithatũ na sita ni ithathatũ, na silabi moja ikianguka sita huwa tatu. Warubani wa ndege waliyajua haya zamani, ndiyo maana katika Kiingereza chao cha redio hawasemi tisa kama wasemavyo watu mitaani, huongeza silabi, wakasema "niner." Fauka ya hayo anayepokea hesabu huirudia, na aliyeitoa huithibitisha. Mwalimu hakuwa na njia ya kurudia wala kuthibitisha. Alikuwa anasikiliza mazungumzo ya wenyewe.

Katika swali la pili, la kuitengeneza sauti, twamweleza mama kwa ufupi ili amfikishie mwanawe, naye kama mwalimu wa fizikia huenda anayajua mengi kuliko sisi. Vijana wengi hukimbilia kuongeza mavumo mazito au membamba kwenye kompyuta, au kununua spika kubwa. Hiyo ni kupaka hina mkono usiooshwa. Penye ubora ni kwenye antena: iwe juu, iwe ya masafa yanayotakiwa, na waya wake uwe mfupi na mzuri. Pili, vile vidude vidogo, ambavyo asili yake ni vya kutazamia televisheni na wapenzi wa redio wakavigundua kwa kazi hii mwaka 2012, huyumba masafa vikipata moto. Visubiriwe vipoe na kutulia, kisha visahihishwe. Tatu, nguvu ya upokezi isiongezwe mpaka mwisho, kwani kituo kikubwa cha FM kilicho karibu hukizidi nguvu kidude na kuharibu hata ishara nzuri. Nne, programu za bure za kung'amua AMBE+2 zimeundwa na watu wa nje wasiokuwa na siri za mwenye chombo, na sauti zao huwa kavu kuliko za kile chipu cha asili. Hilo ni la kupendeza sikio tu, haliongezi ukweli. La tano ndilo tungependa alishike: programu nyingi huonyesha kwenye kioo hesabu ya makosa ya biti. Hesabu hiyo ndiyo kelele ya kisasa. Ikipanda, aliyesikia tisa ahesabu kwamba hakusikia kitu.

Yote hayo yakifanywa, bado sauti haitapita kiwango cha biti 2,450. Kilichoachwa na vokoda ya msemaji hakirudi. Isitoshe, vyombo hivi vilifundishwa kwa msemaji mmoja, mahali patulivu, na mwongozaji aliyesimama katika upepo, au mama mwenye sauti nyembamba na mtoto analia kando, humvuruga. Koo la mwanamume huvuma kwa wastani karibu na hezi 120, la mwanamke karibu na 200, na la mtoto juu zaidi. Kadiri mvumo unavyopanda, ngazi za sauti huachana, na vyombo vya zamani vilikuwa vikipata taabu kuichora sura ya sauti kwa ngazi chache. Akina mama waliowahi kuambiwa "husikiki" na mlinzi wa langoni huku wanapaza sauti si kwamba walikosa kusema.

Kuna watu wa heri wanaojitahidi kufungua siri hizi. David Rowe wa Australia ameunda vokoda iitwayo Codec 2, ambayo mtu yeyote aweza kuitumia na kuitazama ndani, na hushuka hata chini ya biti 1,000 kwa sekunde maneno yakabaki yakieleweka. Na sasa zimekuja mashine zilizofundishwa kwa sauti za watu maelfu, zinazotoa sauti tamu, ya mtu kabisa, kutoka kwa maelezo machache vile vile. Hizo sisi twaziogopa zaidi. Sauti ya jini aliyebanwa pua angalau humfanya mtu ashuku. Ile tamu itamwambia tisa kwa upole, naye atachukua tochi na kwenda mbio.

Swali la tatu lilikuwa la haki. Hukumu ya dini twawaachia masheikh wetu, ila msomaji aliyeuliza anajua mwenyewe kwamba Surat al-Hujuraat imeyagusa mambo yote mawili yaliyomo katika kisa hiki, kuhakikisha habari kabla ya kuifuata na kutopekua siri za watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, nayo inampa kila mtu haki ya faragha, na faragha ya mawasiliano imetajwa humo waziwazi. Mazungumzo ya waongozaji yalikuwa yao na kazi yao. Kwamba yalipita hewani juu ya paa la mwalimu hakuyafanyi yake, kama ambavyo ukuta mwembamba haumpi jirani ruhusa ya kutega sikio. Kuyabeba nje ni zaidi ya kuyasikia. Twamshauri aache kung'amua mazungumzo ya watu binafsi na ya kazi, hata kama nia yake ni njema, na nia yake usiku ule bila shaka ilikuwa njema.

Kwa mama wa mpagazi, tunaona aende yeye na mkewe na mama yake pamoja, mchana, na wasiende mikono mitupu. Na asianze kwa kumweleza habari za biti.

Tumefika kwa mjukuu. Yaliyosemwa juu ya s na t yanamhusu yeye kuliko hata mwalimu. Simu ya kawaida hukata sauti karibu na hezi 3,400, na tofauti ya thaa, siin na faa imelala zaidi juu ya hapo. Saad ni afadhali, kwa sababu uzito wake huonekana katika irabu inayoifuata, na irabu hupita. Basi mtoto hakukosea kusikia: maalim alitamka thaa, simu ikaleta mchwarizo usiojulikana, na mtoto akachagua herufi iliyo karibu zaidi na Kiswahili cha nyumbani. Akirudia, maalim naye huko Mombasa husikia mchwarizo ule ule akadhani amepatia. Makosa ya namna hii hukaa ulimini miaka.

Asisomeshwe kwa simu ya kawaida. Mazungumzo ya WhatsApp hutumia kodeki iitwayo Opus, iliyowekwa kuwa kanuni mwaka 2012, na mtandao ukiwa mzuri huchukua sauti pana zaidi kuliko simu. Ukidhoofika hujipunguza yenyewe pasi na kumwambia mtu, na Tetu hudhoofika. Lililo bora ni maalim arekodi aya chache kwa ujumbe wa sauti na kuutuma. Ujumbe husafiri kama faili, hata ukichelewa hufika mzima, na mtoto aweza kuusikiliza mara kumi. Naye arekodi vivyo hivyo na kuurudisha. Atumie kipaza masikio cha waya, si spika ya simu iliyolazwa juu ya godoro. Na mara moja kwa juma wakutane kwa video, mchana, uso ukielekea dirishani, ili mtoto auone ulimi wa maalim unavyochungulia baina ya meno katika thaa na usivyochungulia katika siin. Jicho litamsaidia pale sikio liliponyimwa. Akija pwani likizo, na apelekwe chuoni asubuhi ya kwanza, akae mbele ya maalim goti kwa goti.

Hatupendi kijana mwenye kipaji atupe antena yake. Kuna watu hewani wanaozungumza ili wasikilizwe. Nao ni wapenzi wa redio wenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambao alama zao za mwito huanza na 5Z4, na chama chao ni Amateur Radio Society of Kenya. Baadhi yao hutumia DMR hiyo hiyo, na king'amuzi chake kitapata kazi ya halali. Nyeri yenyewe ina nasaba na jambo hili, maana Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alifia huko tarehe 8 Januari 1941 na kaburi lake liko mjini, na maskauti wa dunia nzima hukutana kwa redio kila Oktoba katika Jamboree ya Hewani, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 1958. Shule yake ikiwa na kundi la maskauti, wasichana kwa wavulana, amtafute mwenye leseni awaketishe mbele ya redio siku hiyo. Wajifunze kurudia hesabu, na wajifunze kusema kenda.

Na usiku ambao Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapita juu ya Tetu, wanaanga walio humo wakizungumza na wanafunzi wa nchi fulani, aielekeze antena yake juu na kusikiliza masafa ya megahezi 145.800. Mazungumzo hayo hurushwa kwa njia ya zamani, pamoja na mchwarizo wake, na kwa hayo hahitaji king'amuzi chochote.